Kovu Lina Namba: Kuisoma Sura ya Nne kama Maandishi

Ibara ya 22(4) ya Katiba ya Kenya ni sentensi mbaya. Haina mdundo, haina picha, na ukiisoma mara ya kwanza utadhani ni tangazo lililobandikwa ukutani pale Huduma Centre. Inasema hivi, kwa maneno yangu: hata kama kanuni za kuendesha kesi za haki hazijaandikwa, hilo halimzuii mtu kupeleka kesi yake mahakamani, isikizwe na iamuliwe. Basi. Nani anakaa chini kuandika jambo kama hilo ndani ya Katiba? Si liko wazi?

Halikuwa wazi. Katiba ya zamani ilikuwa na kifungu cha 84, kilichosema kwamba anayeona haki zake zimevunjwa aende Mahakama Kuu. Kifungu hicho hicho kilimpa Jaji Mkuu mamlaka ya kutunga kanuni za jinsi ya kufanya hivyo. Kanuni hazikutungwa. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kwa kuwa kanuni hazipo, kifungu chenyewe hakiwezi kutumika. Mmoja wa waliofungiwa mlango huo alikuwa Gibson Kamau Kuria, wakili ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewekwa kizuizini bila kesi. Fikiria hiyo story. Sura nzima ya haki za raia, kuanzia haki ya kuishi hadi haki ya kuabudu, ilizimwa kwa sababu ya makaratasi ambayo serikali yenyewe haikuyaandika.

Walioandika Katiba ya 2010 walikumbuka. Ndiyo maana 22(4) ni mbaya. Ni kovu, na kovu halitiwi nakshi.

Mimi si wakili. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo iliponishinda, na hata huko nilikuwa nasoma fasihi, si sheria. Katiba niliisomea kwa simu, kwa bando la siku moja, nikiwa ndani ya mat. Lakini darasani nilikuwa nimejifunza kitu kimoja kilichobaki: ukipewa maandishi yoyote, uliza ni nani anasema, ni nani amenyamazishwa, na sentensi hii inamwogopa nani. Nimejaribu kuisoma Sura ya Nne hivyo, na nimegundua kwamba wengi wetu hatuisomi. Tunaivaa kama hirizi. Juni 2024 namba 37 ilikuwa kwenye mabango, kwenye fulana, kwenye bio za TikTok. Kila mtu aliijua namba. Namba ni nzuri, lakini hirizi haisomwi, inafungwa shingoni tu, na siku inaposhindwa kufanya kazi, mwenyewe anaitupa. Nimeanza kuwasikia wasee wakiitupa. "Katiba ni karatasi tu." Makala haya ni ya hao.

Tuanze na karatasi ya kwanza. Katiba ya uhuru, ya 1963, iliandaliwa kwenye mikutano ya Lancaster House, London, na ilikuwa na sura ya haki tangu siku ya kwanza. Watu husahau hilo. Hakuna siku Kenya huru iliishi bila haki zilizoandikwa. Abdilatif Abdalla aliposhikwa Mombasa mwishoni mwa 1968, akiwa na miaka 22, uhuru wa kusema ulikuwa ndani ya Katiba. Kosa lake lilikuwa kuandika kijitabu kilichouliza, kwa jina lake, *Kenya: Twendapi?* Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka 3. Gerezani akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatoka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Kama kuna kitabu cha Kiswahili kinachopaswa kusomwa sambamba na sura ya haki ya 1963, ni hicho. Kimoja kilitoa ahadi. Kingine kiliandikwa ndani ya ahadi hiyo, nyuma ya kufuli.

Iliwezekanaje? Jibu liko kwenye sarufi. Chukua kifungu cha 79 cha Katiba ya zamani, kuhusu uhuru wa kujieleza. Sehemu ya kwanza inakupa uhuru. Sehemu ya pili inaondoa, kana kwamba inasema "isipokuwa", halafu inaorodhesha: ulinzi, usalama wa umma, utulivu wa umma, maadili ya umma, afya ya umma, sifa za watu wengine, na kadhalika. Kifungu cha 80, cha kukusanyika, kina mtindo huo huo. Cha 72, cha uhuru wa mwili wako mwenyewe, vilevile. Ukivisoma kwa mfululizo unasikia sauti ya mtu anayekukaribisha nyumbani huku ameshika mlango. Na juu ya hayo kulikuwa na mlango mkubwa zaidi. Mwaka 1966 Bunge lilibadilisha Katiba na kutunga Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, na kuanzia hapo rais akawa anaweza kuruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kesi kwa kuchapisha amri kwenye Gazeti la Serikali. Hakuna aliyehitaji kufuta haki. Haki zilibaki zimechapishwa vizuri kabisa. "Isipokuwa" ndiyo iliyokuwa serikali.

Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani siku ya mwisho ya 1977 na kukaa kizuizini karibu mwaka mzima. Hakushtakiwa kwa lolote. Miezi michache kabla, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wameandaa *Ngaahika Ndeenda* na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na serikali ikasimamisha maonyesho kwa njia rahisi: iliondoa leseni. Kumbuka hilo neno, leseni, tutalirudia.

Baada ya hapo sura ya haki haikuguswa sana. Iliguswa mazingira yake, kama mtu anayeacha nyumba yako imesimama lakini anakata maji. Juni 1982 kikaingia kifungu cha 2A, chama kikawa kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 muda ambao polisi wanaweza kumshika mtu anayedaiwa kufanya kosa la kunyongwa ukapanda hadi siku 14, na majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi. Siku 14 ni muda mrefu sana kwa mtu aliyeko ghorofa ya chini ya Nyayo House. Kisha 1989, ule uamuzi wa kanuni ambazo hazikuandikwa.

Na marekebisho yalipoanza, hayakuanza ndani ya vitabu. Saba Saba ilikuwa 7 Julai 1990. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walikaa Uhuru Park wakagoma kula. Polisi walipowavamia siku chache baadaye, baadhi ya mama hao walivua nguo. Kisha wakahamia All Saints Cathedral na kukaa huko miezi na miezi, hadi wengi wa wana wao wakaachiliwa. Mwaka 1997, kwenye mapatano ya wabunge yaliyoitwa IPPG, makosa ya uchochezi, yale yale yaliyomfunga Abdilatif, yakaondolewa kwenye Kanuni za Adhabu. Ilichukua takriban miaka 28 kutoka hukumu yake.

Sasa fungua Sura ya Nne ya 2010 ukiwa na orodha hiyo kichwani. Inabadilika mbele ya macho yako.

Ibara ya 33 inataja uhuru wa kujieleza, kama katiba nyingi duniani, lakini inakwenda mbele na kutaja ubunifu wa kisanii kwa jina lake. Hapo naona Kamĩrĩĩthũ. Ibara ya 29 inasema huwezi kuwekwa kizuizini bila kesi isipokuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa, tena chini ya masharti ya ibara nyingine. Hiyo ni 1966 inajibiwa. Ibara ya 49 inarudisha saa 24 kwa kila mtu na kila kosa. Hiyo ni 1988. Ibara ya 25 inataja mambo manne ambayo hakuna sheria inayoweza kuyapunguza hata kidogo: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya habeas corpus, ile inayomlazimisha aliyemshika mtu amlete mbele ya jaji. Hapo ni Nyayo House, ghorofa ya chini.

Na ile "isipokuwa" ya zamani? Ilihamishwa. Badala ya kila haki kuja na mkia wake, Ibara ya 24 ikawekwa mwanzoni mwa sura kama mlinzi mmoja wa geti: anayetaka kupunguza haki lazima atunge sheria, aonyeshe ni jambo la busara katika jamii huru ya kidemokrasia, na aonyeshe hakukuwa na njia nyepesi zaidi. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayepunguza, si wako. Kwa msomaji wa kawaida hii inaonekana kama kupanga fanicha. Kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote za waandishi wale. Walibadilisha nani anaanza kujieleza.

Hii ndiyo hoja yangu, nataka niiseme waziwazi kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi ninaowaheshimu. Kila semina, kila paneli, utasikia: tatizo si Katiba, tatizo ni watekelezaji. Inapendeza, inapigiwa makofi, na nusu yake ni kweli. Lakini Sura ya Nne yenyewe haikuandikwa na watu walioamini hivyo. Walijua watekelezaji wataleta ujanja, ndiyo maana pale walipoujua ujanja kwa jina, waliuzibia. Sentensi zake bora ni zile mbaya, zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kufanyiwa. Sentensi zake dhaifu ni zile laini, zilizoandikwa kabla ujanja wa leo haujazaliwa, au zilizoachiwa tundu dogo kwa heshima.

Chukua tundu la kwanza. Zile saa 24 za Ibara ya 49 zina nyongeza: kama saa hizo zinaisha nje ya muda wa mahakama, au siku ambayo si ya mahakama, basi mtu aletwe kufikia mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Kwa mwandishi wa sheria hiyo ni hekima tu, jaji naye ana wikendi. Kwa Mkenya yeyote mwenye simu, hiyo ni "kamata kamata ya Friday". Unashikwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, unalala Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mei 2025 msanidi programu mmoja, aliyetengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao kupinga Mswada wa Fedha, alishikwa Ijumaa, na Jumatatu ilikuwa likizo ya Madaraka. Akafika mahakamani Jumanne. Baadaye mahakama iliitupa kesi. Hakuna aliyehitaji kukushtaki ushindwe. Wikendi yenyewe ndiyo adhabu, na kalenda imeandikwa ndani ya Katiba.

Tundu la pili ni kubwa zaidi. Ibara ya 37 ni fupi na nzuri: kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango, na kuwasilisha malalamiko kwa wakuu. Ni sentensi ya kupigiwa muhuri. Lakini chini yake, hadi leo, imelala Sheria ya Utulivu wa Umma ya mwaka 1950. Soma hiyo tarehe tena. Ni miaka miwili kabla ya Hali ya Hatari ya 1952. Sheria iliyotungwa na mkoloni ndiyo inayosimamia haki iliyoandikwa 2010. Ilirekebishwa, ndiyo. Kabla ya 1997 ulihitaji leseni ili kukutana; IPPG ikaiondoa leseni na kuweka notisi: unamwandikia polisi siku 3 hadi 14 kabla, unamjulisha. Leseni ni ombi. Notisi ni taarifa. Kati ya maneno hayo mawili ndipo ilipo jamhuri.

Sasa sikiliza habari za saa moja. "Maandamano yasiyo na kibali." Sikiliza wanasiasa wa pande zote. Sikiliza hata waandamanaji: "Tumenyimwa kibali." Kibali kilikufa 1997, lakini ulimi wetu haujapata habari za msiba. Nililielewa hili vizuri nikiwa kwenye benchi la stesheni moja ya polisi hapa Nairobi, tunasubiri watu wanne wa mbogi yetu walioshikwa na mabango ya karatasi. Afande wa dawati alikuwa mpole kweli, alitupa hata nafasi ya kuchaji simu. Akauliza kama tulikuwa na kibali. Msichana mmoja kati yetu, ambaye anasoma sheria, akamwambia kwa heshima, "Afande, sheria inasema notisi, si kibali." Yule mzee akamwangalia kama shangazi anayemhurumia mtoto. "Sasa notisi bila kibali, mwanangu, ni ya nini?"

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa msomaji mwaminifu wa Kiswahili tunachozungumza wote. Wenzetu walitoka usiku bila shtaka lolote, na swali lake likabaki nami kuliko baridi ya lile benchi. Mhakiki akisema maneno si muhimu, mpeleke kwenye dawati la OB.

Na kibali hakikai mitaani tu. Aprili 2025 wanafunzi wa Butere Girls walikwenda tamasha la kitaifa la drama kule Nakuru na mchezo wa *Echoes of War*. Mahakama Kuu ya Kisii ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao, seneta wa zamani Cleophas Malala, alishikwa. Vitoa machozi vikatupwa. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Kutoka leseni ya Limuru hadi Nakuru ni miaka 47, katiba mbili, na Ibara ya 33 inayotaja ubunifu wa kisanii kwa jina. Wanaosema Katiba ni karatasi watachukua mfano huu na kuondoka nao. Mimi naona tofauti moja ambayo sitaki tuidharau. Mwaka 1977 hakukuwa na jaji aliyewaandikia wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ amri ya kuruhusu. Mwaka 2025 amri ilikuwepo, na aliyeivunja aliivunja mchana, mbele ya kamera, na sote tuliijua namba ya kile alichokivunja. Hiyo si haki. Lakini ni ushahidi, na 1977 hata ushahidi ulikuwa siri.

Majaji, kwa kweli, wamekuwa wahariri wazuri zaidi wa sura hii kuliko sisi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu 8 vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014 katika kikao cha Bunge kilichojaa vurugu, kimojawapo kikiwa cha kubana vyombo vya habari. Aprili 2016 kikafutwa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kinatumiwa kuwashika watu kwa posti za Facebook. Mapema 2017 likafutwa kosa la jinai la kumchafulia mtu jina, na miezi miwili baadaye lile la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Kalamu nyekundu ilifanya kazi.

Lakini mwandishi aliyekataliwa hupeleka muswada ule ule kwa jina jipya. Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Mahakama ilisimamisha vifungu 26 mwanzoni, kisha Februari 2020 ikavirudisha. Kwa mujibu wa sheria hiyo ilivyotungwa, kuchapisha habari inayodaiwa kuwa ya uongo na kuzua taharuki kungeweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10. Abdilatif alipata 3. Sijasema sheria hizo mbili ni sawa. Nasema ukiweka maneno yake karibu na ya uchochezi, unasikia ukoo mmoja: taharuki, utulivu, umma. Na 2025 ukaletwa bungeni mswada wa kuwaweka waandamanaji umbali wa mita 100 kutoka Bunge, Ikulu na mahakama. Ibara ya 37 inasema uwasilishe malalamiko kwa wakuu. Mswada unasema uyawasilishe kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

Nimefika kwenye tundu la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Soma tena Ibara ya 49. Inaanza na mtu aliyekamatwa. Ana haki ya kuambiwa sababu, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, ana haki ya saa 24, ana haki ya dhamana. Ni orodha nzuri sana, na yote imesimama juu ya kitenzi kimoja: kukamatwa. Kitenzi hicho kinahitaji afisa, stesheni, na mstari kwenye kitabu cha OB wenye jina lako na saa.

Ile Subaru isiyo na namba haina kitenzi hicho. Mtu anatolewa kwenye mat, kwenye kinyozi, nje ya nyumba yao. Familia inazunguka stesheni kumi, na kila stesheni inasema ukweli wake: hatuna mtu huyo. Hakuna aliyekamatwa, kwa hiyo hakuna saa 24 zinazohesabiwa. Desemba 2024 Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilisema imerekodi visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano ya Juni, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko. Familia zilitumia njia moja ambayo sura hii iliwaachia, ile habeas corpus isiyoweza kupunguzwa, na mahakama ikamtaka Inspekta Jenerali wa Polisi afike aeleze. Mapema Januari 2025 vijana kadhaa waliachiliwa, wakaokotwa hapa na pale, wengine mbali na nyumbani. Naamini zile kesi na zile kelele zilichangia. Kwa hiyo hata hapa sitasema karatasi haikufanya kitu.

Lakini ilifanya kazi kwa kujivuta, kwa sababu habeas corpus inamwamuru aliyemshika mtu amlete, na jibu la "hatunaye" linaifanya ianguke chali. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kupotezwa kwa nguvu mwaka 2007. Haijauridhia, na kumpoteza mtu hakujawa kosa linalojitegemea kwenye sheria zetu. Ujanja wa leo hauna jina kwenye maandishi. Ujanja usio na jina haushtakiwi, na sura iliyoandikwa kwa kukumbuka haiwezi kukumbuka kitu ambacho hakijaandikwa.

Kuna watu husema, kwenye redio na hata kwenye semina, "Mswada wa Haki" wanapotaka kutaja sura hii. Wanatafsiri Kiingereza neno kwa neno. Kwa Kiswahili cha Bunge letu, mswada ni kitu ambacho bado hakijapita. Kinasubiri kusomwa mara ya pili, kinasubiri sahihi. Zamani ilinikera sana, nikawa nasahihisha watu kwenye comments. Siku hizi nalisikia kama ukweli ulioponyoka mdomoni. Sheria ilipitishwa kwa kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, asilimia 67 ya waliopiga kura wakasema ndiyo, na ikazinduliwa Uhuru Park tarehe 27 mwezi huo huo, kwenye bustani ile ile walikopigwa akina mama wa 1992. Lakini namna Sura ya Nne ilivyoandikwa, kovu baada ya kovu, inatuambia haikuwahi kumalizika. Kila kizazi kilileta jeraha lake, likapewa namba.

Kwa hiyo hukumu yangu kama mhakiki ni hii. Ni maandishi mazuri, mazuri kuliko mengi tunayopewa tuzo ya kusoma, na uzuri wake uko pale yanapokataa kuwa mazuri. Ibara ya 37 tutaendelea kuiandika kwenye fulana, na ni sawa. Ila ningependa msomaji wa rika langu aijue zaidi 22(4), aijue 24, aijue ile nyongeza ya Ijumaa kwenye 49, na akisikia "kibali" kwenye habari amsahihishe mtangazaji, hata kama ni mjomba wake. Na siku tutakapokaa tena kuongeza kitu, tusiwaachie washairi. Tumpe kalamu mama aliyezunguka stesheni kumi.

Sentensi yake haitakuwa nzuri. Itakuwa kama hivi: kutokuwepo kwa jina la mtu katika kitabu cha OB hakumwondolei mtu huyo haki yoyote ya aliyekamatwa, na saa 24 zitahesabiwa tangu alipoonekana mara ya mwisho.